Stellarium: programu ya bure ya anga, kwa sisi tunaokaa Jambiani

Walimu wenzangu hunishika mara kwa mara ofisini: hiyo programu yako inayokwambia mwezi utatoka saa ngapi ni ipi? Ni Stellarium. Haiuzwi. Unaipakua kwenye kompyuta, na ukishaiweka haikudai bando tena. Nimeitumia kaskazi na kusi, kwenye kompyuta mpakato ya mtumba, nimekaa barazani kwetu Jambiani, bahari mbele yangu na mama yumo ndani anasuka ukili. Kwa hiyo ninayoandika hapa si ya mtu aliyeifungua mara moja akaifunga.

Hukumu yangu naitanguliza: ichukueni. Picha zake ni nzuri, lakini hilo silo linalonifanya niisifu. Ninaisifu kwa kuwa ukishaiambia unakaa wapi, inakujibu ya hapo unapokaa. Vitabu vingi vya nyota vimeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia, na ukurasa wa kwanza tu wanakutuma uitafute Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko zaidi kidogo ya nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho, haionekani mwaka mzima. Mtoto akisoma kitabu hicho, akatoka nje asikione kilichoandikwa, anahisi yeye ndiye asiyejua kutazama. Ukiiambia Stellarium uko Jambiani, inaizamisha nyota hiyo mahali pake na kukuonesha zako.

Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa mmoja, Fabien Chéreau, na tangu hapo imeendelezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali. Toleo la 1.0 lilitoka Oktoba 2022. Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Mimi nimewagawia wenzangu kwa flashi. Inakuja na nyota zaidi ya 600,000, na anayetaka anaweza kuongeza orodha nyingine mpaka akapita milioni 177. Sijaongeza. Kwa macho matupu, hata usiku wa giza totoro, mtu haoni zaidi ya elfu chache, na hizo bado sijazimaliza.

Ukiifungua mara ya kwanza bila intaneti huenda ikakuonesha anga la Paris. Bonyeza F6, tafuta Zanzibar, au andika mwenyewe latitudo na longitudo ya kijiji chako. Kisha bonyeza F4, nenda kwenye mandhari. Ile inayokuja nayo ni ya shamba huko Guéreins, Ufaransa, majani na miti. Iondoe, chagua ile ya bahari. Kwa mtu wa pwani ya mashariki ya Unguja hilo si pambo. Sisi mwezi wetu unatoka majini, hakuna kilima wala mnazi wa kuuficha, na ukiwa na mandhari ya bahari ile dakika unayoiona kwenye kioo ndiyo utakayoiona ukigeuza shingo. Nimejaribu usiku wa mwezi mpevu: programu inaonesha ukingo unachomoza, nanyanyua macho, na kule nje ya mwamba wa matumbawe kuna wekundu unaanza kupasuka. Mawingu yakiwa chini kwenye upeo, mwezi hucheleweshwa kidogo kuonekana, basi.

Sasa niseme inavyotumika nyumbani kwetu, maana hapo ndipo thamani yake ilipo.

Mama analima mwani, kama wanawake wengi wa huku tangu kilimo hicho kilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi ya mwani inafuata bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, maji hukupwa sana, yanakwenda mbali mpaka vigingi vyote viko wazi, na kwetu huku kupwa kwa bamvua huwa saa nne, saa tano asubuhi, hivyo mtu anapata muda wa kufunga na kuvuna kwenye mwanga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayatoki vya kutosha na kazi inasimama. Mama hayo hakufundishwa na mtu wa kompyuta. Anatazama mwezi jioni, anajua.

Lakini kutazama jioni kunakupa wiki hii na ijayo. Anachokitaka yeye ni cha mbali. Alinijia siku moja, mkononi ana kadi ya mwaliko.

"Mwanangu, hebu nitazamie. Harusi ya Makunduchi wameiweka mwisho wa mwezi wa tano. Isije ikawa bamvua."

Nikabofya mwezi, nikawa nasukuma siku mbele kwa kitufe cha =, ambacho kila ukikibonyeza kinaongeza siku moja. Pembeni kuna maandishi yanayotaja asilimia ya uso wa mwezi iliyoangaziwa. Ukiitazama inavyopanda hadi karibu na 100, au kushuka hadi karibu na 0, unajua bamvua lenyewe litakuja siku hiyo au moja mbili baadaye. Mama alisimama nyuma yangu, mkono begani, akawa anahesabu mwenyewe kwa sauti. Tulipofika tarehe ya harusi mwezi ulikuwa nusu. "Maji mafu," akasema, "nakwenda." Tangu hapo hapiti mwezi hajaniambia nimfungulie.

Hapo pia ndipo pana mpaka wake, na ni vizuri mjue kabla: Stellarium haitaji maji. Haikwambii kupwa ni saa ngapi wala kimo chake ni mita ngapi, na kwetu tofauti ya maji ya bamvua inaweza kufika mita 4. Jedwali la maji bado unalihitaji. Programu inakupa mwezi, na mwezi unakupa bamvua. Saa na mita ni kazi ya jedwali. Ningependa mtu mwenye ujuzi siku moja aviunganishe vitu hivi viwili kwa ajili ya watu wa pwani.

Shuleni nimeitumia zaidi kwa jua. Sisi tulio kati ya ikweta na tropiki tuna jambo ambalo watu wa Ulaya hawana: mara mbili kwa mwaka jua linapita utosini kabisa. Kwa Jambiani ni tarehe 4 au 5 Machi, na tena tarehe 8 au 9 Oktoba. Ukilibofya jua kwenye programu tarehe hizo, ukasogeza saa polepole, kimo chake kinapanda mpaka kinakaribia nyuzi 90. Nilitoka na darasa uani, tukasimamisha kijiti tulichokinyoosha kwa timazi, watoto wakawa wanaweka kokoto mahali ncha ya kivuli inapofika. Kokoto zikawa zinakaribiana, zinasogea shinani. Kisha ikawa hakuna pa kuweka kokoto. Kijiti kimesimama kwenye jua kali na mchanga wa kukizunguka wote ni mweupe.

"Mwalimu, kimekwenda wapi?"

Mwingine akajitazama miguuni, naye hana kivuli ila duara dogo chini ya kanzu. Wote wakaanza kurukaruka.

Na kuna jambo ambalo programu ilinifungua macho. Oktoba jua lilikuwa utosini saa 6:09 mchana. Machi, mahali palepale, kijiti kilekile, ni saa 6:33. Dakika 24 za tofauti! Sababu ni mbili zikiwa pamoja: njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wa dunia umeinama. Ukitazama ratiba ya swala iliyobandikwa msikitini utakuta adhuhuri nayo inahama hivyohivyo, Machi inachelewa, Oktoba inawahi. Watoto walikuwa wanaiona ratiba ile kila siku. Siku hiyo walikwenda kuisoma.

Mwezi mwandamo ni habari nzito na naiandika kwa adabu. Programu haimfanyi mtu kuwa shahidi wa mwezi. Tangazo lina wenyewe. Lakini inakusaidia kujua utazame wapi na kama kuna cha kutazama. Mfano ni mwezi wa Ramadhani ya 1447. Jua na mwezi vilikutana tarehe 17 Februari 2026, saa 9:01 mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Ukiiwekea programu tarehe hiyo na wakati wa magharibi, unauona mwezi umekaa karibu sana na jua, umri wake haujafika saa 4. Wataalamu wanasema mwezi ukiwa umeachana na jua kwa pungufu ya nyuzi 7 hivi, hakuna ukingo unaoonekana hata kidogo. Sogeza siku moja: tarehe 18 magharibi una zaidi ya saa 27, uko juu ya upeo, na mwenye macho mazuri anauona anga likiwa safi. Kitu kingine kilichonifurahisha ni mkao. Vitabuni mwezi mchanga huchorwa umesimama wima. Kwetu mara nyingi hulala chali kama ngalawa, pembe juu, na Stellarium inaulaza hivyohivyo kwa sababu inajua tuko karibu na ikweta.

Wazee wetu wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimeusikia tangu utoto na sikuwahi kuuona ukitendeka mbele ya macho yangu, kwa sababu unachukua wiki nyingi na mtu hachungi kila usiku. Kwenye programu nilitafuta Pleiades kwa F3, ambayo ndiyo Kilimia chetu, nikaweka saa moja na nusu usiku, mwezi wa Aprili, nikaanza kubonyeza = siku baada ya siku. Kile kishada kinashuka magharibi kiasi cha nyuzi moja kila siku, taratibu, bila kukosa. Mei inapoanza kimemezwa na mwanga wa machweo, na hapo masika iko juu yetu. Nikahamisha saa nikaweka alfajiri, nikaendelea kubonyeza. Juni kinatokeza matlai kabla ya jua, na mvua kubwa imeshapita. Kimezama kwa mvua, kimezuka kwa jua. Msemo mzima ulipita kwenye kioo kwa dakika mbili, kisha mwaka huohuo nikatoka nje na kuufuatilia mwenyewe alfajiri za Juni. Kilimia kilikuwa pale. Nilimwamsha mama aje akione.

Mtu wa hapa ana bahati nyingine ambayo programu inaionesha vizuri. Katikati ya Mei, saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini umesimama wima upande wa kusini, na wakati uleule zile nyota saba za Dubu Mkubwa zimening'inia chini upande wa kaskazini. Watu wa London hawauoni Msalaba. Watu wa kusini kabisa ya dunia hawaoni Dubu. Wewe unasimama uani, unageuka tu. Ipo pia Suheli, nyota ya manahodha, ya pili kwa ung'avu katika anga lote la usiku baada ya Shira. Februari jioni zote mbili ziko juu kwa pamoja.

Kupatwa kwa mwezi wa tarehe 7 Septemba 2025 ndiko kulikowafanya majirani waje barazani kwetu. Nilikuwa nimeshaandika nyakati kwenye karatasi kutoka kwenye programu: kivuli kinauma saa 1:27 usiku, mwezi wote unaingia saa 2:31, unaanza kutoka saa 3:53, unamaliza karibu na saa 4:57. Dakika 82 za giza kamili. Ami mmoja mvuvi alikaa na saa yake ya mkononi, hataki kuambiwa. Ilipofika 2:31 kile kipande cha mwisho cheupe kikafifia, mwezi ukabaki mwekundu wa kahawia, kama nyuzi 30 na kitu juu ya bahari, na nyota zilizokuwa zimefunikwa na mwanga wake zikajitokeza zote, Zohali nayo chini yake upande wa matlai. Watu waliorudi kutoka kwenye swala ya kupatwa walisimama njiani. Ami akaitazama saa, akaniambia, "Kweli, mwalimu." Kwangu hiyo ni tathmini tosha ya bidhaa.

Mengine kwa ufupi. Sayari inazipata sawasawa. Asubuhi ya tarehe 12 Agosti 2025 Zuhura na Mshtarii zilikuwa zimeachana kwa pungufu ya nyuzi moja, na zilikuwa pale ilipozionesha. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kile kinachozunguka dunia kwa dakika 90 hivi kikiwa kama kilomita 400 juu, inakitabiri pia, lakini hapo lazima uunge intaneti mara kwa mara, kwa sababu njia yake hubadilika na taarifa za zamani zinapotosha. Nilikiona usiku umeme umekatika kijiji kizima: kilipita bila sauti, kikafika katikati ya anga, kikazimika ghafla. Kimeingia kwenye kivuli cha dunia, na programu ilishaonesha kitazimika hapo.

Mambo ya kuzingatia kabla hujaianza. Inataka kompyuta yenye uwezo kiasi wa picha. Yangu ya mtumba hupata moto na feni kuvuma nikiacha kila kitu kimewashwa, basi huzima michoro ya makundi ya nyota kwa R na kubakisha mistari kwa C. Mimi naitumia kwa Kiingereza, na nimewaandikia watoto karatasi ya majina: Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Nge, Jabari. Haijui mawingu. Pia anga lake mwanzoni linaweza kuwa na nyota nyingi kuliko unazoziona wewe, hasa kama unakaa mjini au jirani na hoteli zenye mataa ya ufukweni; kwenye F4 kuna kipimo cha uchafuzi wa mwanga, kiongeze mpaka kioo kifanane na anga lako. Na usiku ukiitumia nje, bonyeza Ctrl na N, kioo kinageuka chekundu. Usipofanya hivyo mwanga wa kioo unakuharibia macho, na macho yanataka dakika 20 hadi 30 kulizoea giza tena.

Kuhusu simu, kwa sababu wengi wenu mna simu na hamna kompyuta: lipo toleo la simu la bure, na lipo la kulipia liitwalo Plus. Unainyanyua simu kuelekea angani nayo inakutajia kilichopo. Anza na la bure, linatosha kwa mwezi, sayari na makundi ya nyota. Usisimame karibu na nondo, geti la chuma au gari, maana dira ya simu inavutwa na chuma na majina yatakaa upande usio wao. Hakikisha kwanza kwa nyota unayoijua. Asiyetaka kupakua chochote afungue stellarium-web.org kwenye kivinjari. Mimi bado napendelea kompyuta kwa sababu ya kusogeza siku na miaka. Kwa programu hiyo niliwarudisha watoto Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 karibu na saa sita mchana, wakaona jua linavyobaki pete kwa dakika kama 3. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa.

Tarehe 2 Agosti 2027, Jumatatu, jua litapatwa lote katika njia inayopita Misri, Makka na Jeddah, Yemen na kaskazini ya Somalia. Luxor giza litazidi dakika 6. Kwetu litaliwa sehemu tu, na programu inakupa saa ya kuanza na kumaliza kwa mahali ulipo. Walimu wa sayansi, wekeni tarehe hiyo sasa na muanze kuulizia miwani maalumu ya kutazamia jua. Ya kawaida, hata iwe nyeusi vipi, haifai, na mtoto asiruhusiwe kulitazama jua hivihivi hata kidogo. Atakayekosa miwani atoboe tundu dogo kwenye karatasi ngumu, alipe jua mgongo, atazame umbo la jua lililomegwa likianguka kwenye karatasi nyingine nyeupe. Sisi tutakuwa uani, palepale kwenye kijiti.